Vipimo Mikononi mwa Nani? Miongo Sita ya Kuagiza Bidhaa kutoka Viwanda vya China

Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Hilo linajulikana. Kisichosimuliwa sana ni namna gharama za ndani, mishahara ya vibarua ikiwemo, zilivyopatikana. Tanzania na Zambia zilipokea bidhaa za China kwa mkopo, zikaziuza madukani kupitia mashirika ya umma, na mapato yake yakaendeshea kazi. Mtu aliyenunua bidhaa hizo kwa matumizi ya nyumbani alikuwa anachangia mataruma bila kujua.

Naanza na reli kwa sababu ya swali moja: nani alichagua bidhaa zile? Mnunuzi wa dukani hakuulizwa, na kiwanda kilichozitengeneza hakikumjua. Mezani walikaa wakubwa wa mashirika ya biashara ya nje ya China na wenzao wa huku. Hata katika maonyesho ya Guangzhou, yaliyoanza 1957, mgeni alizungumza na shirika la serikali, si na kiwanda. Makala hii inadai kwamba tangu wakati huo vipimo vya bidhaa vimekuwa vikihama mkono hadi mkono, na kwamba ubovu tunaoulalamikia huzaliwa pale vinapokosa mwenyewe.

Katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, neno "Mchina" limegeuka kuwa sifa ya bidhaa. Simu ya Mchina, bomba la Mchina. Maana yake ni kitu cha bei rahisi kisichodumu. Lugha hiyo inamtwika mtengenezaji lawama yote, kana kwamba kiwanda huamua peke yake kitakachopakiwa. Historia inaonyesha vingine. Mwaka 1978 kiwanda cha mikoba cha Taiping, huko Dongguan, kilianza kazi kwa mapatano na mfanyabiashara wa Hong Kong: mgeni alileta malighafi na sampuli, wenyeji wakashona na kulipwa ujira. Mfumo huo ulienea katika jimbo la Guangdong, hasa baada ya Shenzhen kutangazwa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980. Viwanda vingi vya huko vilikulia katika kazi ya namna hiyo: kutengeneza alichokileta mteja, kwa kiwango alichokilipia.

Tuchukue waya wa umeme, maana ndiko kosa dogo linakochoma nyumba. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ukiwa wa uzi mmoja, una kipenyo cha takriban milimita 1.78. Kiwanda kikiupunguza hadi milimita 1.5, jicho halioni kitu. Lakini eneo la mkato limeshuka hadi karibu milimita 1.77 za mraba, yaani takriban asilimia 29 ya shaba imeondoka. Kwa mkondo uleule wa umeme, joto ndani ya waya linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Upo pia waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao dukani unang'aa sawasawa na mwenzake ingawa alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba. Shaba ndiyo gharama kubwa ya waya. Mnunuzi anayesema tu "nataka wa bei nafuu zaidi" ameshaagiza shaba ipunguzwe, hata kama hakulitaja neno hilo.

Yupo atakayepinga hapa, na kwa haki. Paul Midler, Mmarekani aliyefanya kazi ya uwakala kusini mwa China, alieleza katika kitabu chake cha 2009 jinsi kiwanda kinavyoanza na sampuli safi, kisha kinapunguza ubora kidogo kidogo katika kila mzigo, mpaka chupa ya shampuu inakuwa nyepesi hata kuminywa mkononi. Wateja wake walikuwa na maagizo kamili, na bado walichezewa. Basi si kweli kwamba kiwanda hakina hatia, na sidai hivyo. Ila ubora wa namna hiyo hufifia pale ambapo hakuna anayepima baada ya mzigo wa kwanza. Agizo la maandishi bila mizani ya kulilinda halimzuii mtu.

Sasa tutazame mkono wetu. Mwaka 1984 Tanzania iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizonazo wenyewe bila kuulizwa zilikotoka, na shirika la umma likapoteza nafasi yake mezani. Kwa miaka mingi mfanyabiashara wa Kariakoo aliishia Dubai, akichukua vilivyochaguliwa na mwingine. China ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mnamo Desemba 2001, na sheria yake ya 2004 ilipowaruhusu hata watu binafsi kufanya biashara ya nje, njia ya kwenda Guangzhou na Yiwu ilifunguka wazi. Leo hata safari si lazima. Picha inatumwa kwa simu, ajenti anakusanya mizigo ya watu kumi katika kontena moja, kila mmoja akilipia CBM zake, yaani mita za ujazo za mzigo wake.

Ufikaji wa kiwandani umekuwa rahisi mno, na sina ugomvi nao. Umewapa mtaji watu ambao shirika la umma lisingewatazama. Lakini shirika, pamoja na urasimu wake wote, liliweza kuwa na mhandisi. Mwenye CBM tatu hana. Kwa kawaida hulipa malipo ya awali ya asilimia 30, kisha 70 zilizobaki kabla mzigo haujapakiwa au nakala ya hati ya shehena inapotumwa. Mkaguzi wa kujitegemea wa kwenda kiwandani hutoza kama dola 200 hadi 300 za Marekani kwa siku, na fedha hiyo inaweza kumeza faida ya mzigo mdogo. Akishalipa zile 70, hana tena cha kukishikia kiwanda.

Serikali zimejaribu kuziba pengo hilo kwa ukaguzi kabla ya bidhaa kusafirishwa: Kenya tangu 2005, Tanzania tangu 2012. Ni hatua njema iliyowekwa mahali pa mwisho. Mkaguzi anakuta waya umeshavutwa na fedha ya awali imeshalipwa. Uamuzi ulifanyika wiki kadhaa nyuma, katika ujumbe wa simu usiotaja kipenyo, aina ya metali wala unene wa plastiki.

Viwango vyetu vipo, lakini kwa sehemu kubwa vimeandikwa kwa Kiingereza cha kihandisi, na kuvipata ni kuvinunua. Shirika la Viwango lianze na bidhaa tatu tu, waya, mabati na pampu za maji, litoe kwa kila moja karatasi ya bure ya ukurasa mmoja, Kiswahili upande huu na Kichina upande wa pili, ambayo mwagizaji ataibandika kwenye agizo lake kabla hajatuma senti. Na vyama vya wafanyabiashara vichange gharama ya mkaguzi mmoja, kama wanachama wao wanavyochanga gharama ya kontena.