Dawa za Mimea: Asili Yake na Mipaka Yake

AlhamduliLLaah. Swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwa familia za visiwani ni hili: mwenye habasoda, asali na majani ya mwarobaini ana haja gani tena ya vidonge vya hospitali? Kabla ya kutaja hukumu, tunaona ni vyema tueleze vidonge vyenyewe vimetoka wapi, kwani wengi wanadhani hivi ni vitu viwili visivyojuana.

Elimu ya dawa za mimea ni ya kale, na Waislamu wana sehemu kubwa ndani yake. Ibn Al-Baytwaar, aliyezaliwa Malaga huko Andalus na kufariki Damascus mwaka 1248, aliandika kitabu kilichotaja dawa na vyakula vipatavyo 1,400. Karne nyingi baadaye wanakemia wakaanza kutoa kiini kilichomo ndani ya mmea. Mwaka 1820 kwinini ilitolewa kwenye gome la mti wa sinkona, na wazee wetu wanaukumbuka uchungu wake.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa dawa ya malaria ya leo. Katika karne ya 4, tabibu wa China aitwaye Ge Hong aliandika kuwa mmea mmoja wa jamii ya pakanga urowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake anywe mwenye homa. Mwaka 1971 mtafiti Tu Youyou, ambaye majaribio yake yalikuwa hayatoi matokeo ya kutegemewa, alizingatia kuwa maelezo yale hayataji kuchemsha. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na nguvu ya dawa ikabaki. Kiini hicho, artemisinini, ndicho chanzo cha dawa mseto tunazopewa hospitalini, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Basi anayechemsha majani hayo nyumbani hajui amempa mgonjwa kiasi gani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa halipendekezi chai ya mmea huo kwa kutibu malaria. Na malaria ya mtoto haingoji. Inaweza kuwa kali ndani ya siku moja.

Ama hukumu, asili ya kujitibu kwa mimea ni halali, na asali imetajwa kuwa ni shifaa katika Suratun-Nahl, aya ya 69. Kuhusu habasoda, Hadiyth yake ni sahihi, lakini wako Wanavyuoni, akiwemo Al-Khattwaabiy, walioeleza kuwa ni tamko la jumla lililokusudiwa maradhi mahsusi. Kwa hiyo haifai kuifanya hoja ya kumwachisha mama yenu dawa ya kisukari au ya presha. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alituamrisha kujitibu, na kidonge ni katika kujitibu.

Wanaouza dawa kwa madai ya "tiba ya Sunnah" nao wana la kujibu. Katika Sunan Abu Daawuud imepokewa kuwa anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara anayosababisha. Hapa ndipo wengi wanapojisahau, wakadhani nia njema inatosha.

Yapo mambo machache ya nyumbani. Mafuta ya karafuu hutuliza jino, na madaktari wa meno wanakitumia kiini chake, lakini mtoto mdogo akiyanywa yanaweza kumharibu ini. Yawekwe mbali naye. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani huenda ikawa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Kwa tahniki tende inatosha, nayo ndiyo iliyothibiti. Na mgonjwa anapokwenda hospitali amwambie daktari kila jani analokunywa, hata kama anaona haya. Mjamzito aulize kabla hajanywa.

Wa-Allaahu A'lam.