Tangazo la Haki za Binadamu la 1948: ndoto iliyozaliwa na vita

Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu ni hati yenye vifungu 30, iliyokubaliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948. Nchi 48 zilikubali, 8 zilijizuia kupiga kura, na hakuna iliyokataa.

Walioliandika

Kamati iliongozwa na Eleanor Roosevelt wa Marekani. Mmoja wa waandishi wakubwa alikuwa René Cassin, Mfaransa wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1914 alijeruhiwa vibaya akiwa askari. Baadaye alitumikia askari waliolemaa, wajane na yatima, akakutana hata na walemavu wa jeshi la adui. Vita kuu ya pili ilimnyang'anya ndugu wengi, waliouawa na Wanazi. Mwaka 1968 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Makanisa yalikuwapo pia. Frederick Nolde, mwalimu wa teolojia wa Kilutheri kutoka Marekani, aliongoza tume ya makanisa ya mambo ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1946. Alijitahidi sana kwa ajili ya kifungu cha 18, kinachotambua uhuru wa dhamiri na dini, pamoja na haki ya kubadili dini.

Upungufu na matunda

Ubelgiji ilikuwa kati ya nchi 48 zilizokubali, huku Wakongomani walio chini ya utawala wake wakiwa hawana haki ya kupiga kura. Tangazo lenyewe halikuwa na nguvu ya sheria. Lakini mwaka 1966 mikataba miwili ilizifanya nyingi za haki hizo kuwa wajibu wa nchi zinazoithibitisha, na Katiba yetu ya 2006 inalitaja Tangazo katika utangulizi wake. Basi anayefukuzwa shambani mwake haombi huruma. Anadai kilicho chake.

Kwetu sisi

Sisi wa mashariki tunajua kwamba karatasi haizuii risasi. Hata Isaya aliona mikuki ikigeuzwa vifaa vya shamba katika siku ambazo Waashuru walitisha mataifa. Hatuliweki Tangazo mahali pa Ufalme wa Mungu. Lakini linatusaidia kuita uovu kwa jina lake. Tarehe 10 Desemba ni Siku ya Haki za Binadamu: tusome makanisani kifungu cha 3 juu ya uhai, cha 17 juu ya mali, na cha 18, katika lugha ambayo kila mama anaielewa.