Lenzi ya zumu ya masafa marefu: kubadili ya bei nafuu kwa ya ghali

Lenzi ya zumu ya masafa marefu ni lenzi ya kamera inayovuta karibu vitu vilivyo mbali, na ambayo urefu wake wa fokasi hubadilishwa kwa kuzungusha pete, kwa mfano kutoka milimita 70 hadi 200. Mwenye zumu ya bei nafuu hufika siku akajiuliza kama inafaa kulipa mara tatu au nne ili apate ya daraja la juu. Wengi hukosea hesabu kwa kudhani kwamba bei hununua umbali. Mara nyingi inachonunua ni mwanga.

Lenzi za Canon zinaonyesha jambo hili waziwazi. Baada ya mwaka 2006, kampuni hiyo ilikuwa na zumu nne za milimita 70–200, zote nyeupe zenye pete nyekundu, na namba ya f ikitaja tundu la kupitisha mwanga (namba ndogo, tundu kubwa): f/2.8 ya 1995, f/4 ya 1999, f/2.8 yenye kidhibiti mtikisiko ya 2001, na f/4 yenye kidhibiti ya 2006. Zote nne zilifika umbali uleule. Ila f/2.8 hupitisha mwanga mara mbili ya f/4, na ili iweze hivyo kwenye milimita 200, tundu lake linahitaji kipenyo cha takriban milimita 71 badala ya 50. Vioo vinakuwa vikubwa na uzito unapanda: bila kidhibiti, f/4 ina gramu 705 na f/2.8 gramu 1,310. Fedha imeishia humo, na mabega ya mbebaji yatalijua hilo kabla ya keki ya harusi kukatwa.

Faida yake huonekana ukumbini usiku. Zumu ya bei nafuu inayoishia f/5.6 ikihitaji kasi ya shata ya 1/60, f/2.8 hupiga kwa 1/250 katika mwanga uleule. Kwa 1/60 mikono ya wanaocheza huvurugika; kwa 1/250 mingi hutulia. Kidhibiti mtikisiko, kilichoingia kwenye lenzi za kamera za SLR mwaka 1995 kupitia Canon 75–300, hakifanyi kazi hiyo. Kinatuliza mkono wa mpiga picha tu, hakimtulizi anayecheza. Wauzaji hawana haraka ya kulisema hili.

Kabla ya kulipa, picha zilizoharibika zifunguliwe kwenye kompyuta na kukuzwa hadi asilimia 100. Ikiwa ukuta na watu vyote vimevutika upande mmoja, kamera ilitikisika. Kanuni ya zamani inataka kasi isipungue 1/200 kwa milimita 200, na kwenye kamera za sensa ndogo urefu huo uzidishwe kwanza kwa 1.5 au 1.6. Ikiwa ukuta umetulia lakini mkono wa bibi harusi umefutika, aliyesogea ni yeye, na hapo f/2.8 ina hoja. Ikiwa macho yake yamefifia huku shangazi aliyekaa nyuma yake anaonekana vizuri, fokasi ilimkamata shangazi. Mota ya fokasi yenye kasi husaidia, lakini kuchagua mwenyewe nukta ya fokasi hakugharimu kitu. Na ikiwa ukungu upo kwenye milimita ndefu tu, ipigwe picha nyingine kwa f/8. Ikitoka safi, lenzi iliyopo bado inafaa kwa kazi za mchana.

Kuna ukungu mwingine usiotibika kwa fedha. Saa sita mchana Serengeti au Masai Mara, hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini hupindisha mwanga, na simba aliye mbali hutoka na ukungu hata kwa lenzi ya mamilioni. Dawa ni kutoka alfajiri au kusogea karibu.

Kwa wanyama na ndege, swali huwa la urefu kweli. Programu za picha huonyesha kila picha ilipigwa kwa milimita ngapi. Zikiwa nyingi ziko mwisho kabisa wa zumu na bado zimekatwa kingo, 70–200 ya ghali haitasaidia kitu. Sigma ilitoa 150–600 mbili za kamera za SLR zenye tundu sawa la f/5–6.3: Contemporary ya gramu 1,930 na Sports ya gramu 2,860. Hapa bei ya Sports inanunua mwili mgumu na kinga zaidi dhidi ya vumbi na maji, wala si mwanga. Kwa msafiri anayekwenda mbugani kwa ndege ndogo, ambako mizigo yote mara nyingi hupewa kilo 15, nyepesi ndiyo ya kuchukua.

Lenzi iliyokwisha kutumika hupunguza gharama, lakini imulikwe kwa tochi kutoka nyuma kabla ya kulipia. Kwenye unyevu wa pwani kuvu huota ndani ya vioo, na huonekana kama utando wa buibui. Ukiwepo, iachwe hata ikishushwa bei.

Anayelipwa kwa harusi za usiku au michezo ya ndani anunue f/2.8. Anayepiga mchana, kwenye mahafali au mechi za jioni kabla jua halijazama, atosheke na f/4. Na asiye na hakika akodi f/2.8 kwa kazi moja, kisha azilinganishe picha zake na za lenzi aliyonayo.