Watumwa Waliokataa Kuacha Asili

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Juma hili tuutazame msemo huo kwa upande wake wa pili. Je, yupo mtumwa aliyekataa kuacha asili? Yupo, na chimbuko lake ni hapa hapa kwetu, katika nchi ya Uzigua.

Katika miaka ya 1830 ukame na njaa kali viliikumba nchi hiyo. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Simulizi za wazee zinasema wengine waliahidiwa kazi ya vibarua ng'ambo, kwamba mvua zikinyesha watarudishwa. Majahazi yakashika njia ya kaskazini. Waliposhushwa Barawa na Marka, katika pwani ya Somalia, walijikuta wameuzwa, wakapelekwa kulima mashamba ya bonde la mto Shebelle.

Wengi walitoroka, wakaelekea kusini wakitaka kurudi kwao kwa miguu. Simulizi zinamtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Safari iliishia mto Juba, ambako walifyeka msitu wakaanza kulima. Eneo hilo likaitwa Gosha, yaani msituni. Huko walikuwapo watoro wengine pia, wakiwemo Wayao na Wamakua. Vizazi vilivyofuata vya wengi wa hao vilichukua lugha na koo za Kisomali. Wazigua waliendelea kusema Kizigua.

Waliwezaje? Hawakuwa na shule ya Kizigua wala redio. Lugha ilikaa jikoni, shambani na katika ngoma za kuwacheza vijana. Wazigua kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na habari za safari ile zilitoka kwa bibi zikaenda kwa mjukuu.

Asili hiyo iliwagharimu. Nchini Somalia waliitwa jareer, wenye nywele ngumu, wakahesabiwa raia wa daraja la chini. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, wenye silaha waliwapora chakula na mashamba, na wao hawakuwa na ukoo wenye nguvu wa kuwakinga. Maelfu walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kupokea watu wapatao 12,000 kati ya Wabantu hao wa Somalia.

Wengine walifika Tanga kwa vyombo vya baharini, wakapewa hifadhi Handeni, kwanza Mkuyu, na kuanzia mwaka 2003 katika makazi ya Chogo. Hebu fikiri, msikilizaji. Mkimbizi ambaye babu zake waliondoka zaidi ya miaka 150 kabla anamsalimu mwenyeji kwa Kizigua, naye anaitikiwa. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuonyesha, ila alikuwa na lugha ya bibi yake. Baadaye zaidi ya 1,000 kati yao walipewa uraia wa Tanzania.

Sasa tujiangalie sisi wa mjini, ambao hatukuchukuliwa na jahazi la mtu. Kutoka Handeni hadi Dar es Salaam ni safari ya basi ya siku moja tu, lakini watoto wetu wangapi wanaweza kumsalimu bibi yao kwa lugha yake? Wangapi wanajua jina la kijiji alikozaliwa babu?

Atakuwepo wa kusema kwamba huo ni ukabila. La hasha! Ukabila ni kumnyima mwenzako haki kwa sababu ya asili yake, na watu wa Juba wanaujua uchungu wake kuliko sisi. Kiswahili kimeunganisha makabila yetu zaidi ya 120, nasi tukishukuru. Lakini hakikutudai tuwasahau bibi zetu. Mtoto wa baba Mnyakyusa na mama Mpare ana urithi mara mbili, wala hana sababu ya kuutupa wote.

Kazi hii haihitaji bajeti ya Serikali. Likizo ijayo mpeleke mtoto kwa bibi, akae naye, asikie majina ya mito, ya mababu na ya vyakula. Na wewe mzazi uulize yale usiyoyajua, maana bibi hatakuwapo siku zote.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwa juma hili.