Pauni Ishirini za Maziko

Mwaka 1832 Bunge la Uingereza liliruhusu maiti ya fukara aliyefia kwenye nyumba ya maskini, akakosa jamaa wa kumchukua, ipasuliwe na wanafunzi wa udaktari. Naamini hofu ya kuishia hivyo ndiyo iliyowafanya watu wa hali ya chini wajinyime chakula ili waweke akiba ya maziko. Kila wiki wakala wa bima alibisha hodi, akakusanya peni mlango kwa mlango.

Ripoti ya mchumi William Beveridge ya mwaka 1942 ilitaka serikali ibebe mzigo huo wa maziko. Mwaka 1949 malipo yakaanza: pauni 20 kwa mtu mzima, bila kuuliza utajiri wala umaskini. Yalifika 30 mwaka 1967, yakabaki hapo huku bei zikipaa, yakafutwa 1987. Tangu hapo husaidiwa tu anayepokea posho ya wenye kipato kidogo.

Mimi huwajazia wafiwa wenzetu fomu za kuomba msaada huo hapa London. Serikali hulipa ada ya kaburi. Lakini jeneza, gari na mengineyo yaliwekewa kikomo cha pauni 700 kuanzia 2003 hadi 2020, kilipopandishwa kuwa 1,000. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kabla ya 2018 mchango wa ndugu na majirani uliweza kukatwa kwenye msaada. Watu wanachanga kwa huruma, serikali inapunguza! Sasa sheria hiyo imeondolewa. Anayetaka kumrudisha marehemu Mombasa au Unguja, nauli ya maiti bado ni juu ya jamaa.