Mama Aliyesema Hajui

Nimekuwa mdodosaji kwa miaka 19. Kazi yangu ni kuingia kwenye nyumba za watu na karatasi, siku hizi na kishikwambi, kuwauliza mambo ambayo hawakuomba kuulizwa. Ndiyo maana nikisoma habari za utafiti wa zamani, jicho langu huanzia mlangoni: nani alipiga hodi, nani aliitikia karibu, nani alikuwa amekaa pembeni akisikiliza.

Hivyo ndivyo ninavyomsoma Mary Ainsworth. Mtaalamu huyu wa saikolojia, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada, alifika Kampala mwaka 1954 baada ya mumewe kupata kazi kwenye Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Kabla ya hapo alikuwa London, akifanya kazi na John Bowlby, aliyekuwa akichunguza kinachompata mtoto anapotenganishwa na mama yake. Katika vijiji vya Buganda karibu na Kampala, Ainsworth alipata familia 26 zenye watoto wasioachishwa ziwa, wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 24. Watoto wenyewe walikuwa 28. Kila baada ya wiki mbili alikwenda na mkalimani, akakaa saa mbili sebuleni. Baadhi ya familia alizitembelea hivyo kwa miezi tisa.

Alikwenda alasiri, saa ambazo wanawake wa Kiganda hupokea wageni. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni jambo kubwa. Ukimfuata mama asubuhi unamkuta shambani, anakujibu jembe likiwa mkononi na macho yako kwenye jua. Alasiri amekaa, na mtoto yuko chini anatambaa. Mtoto anamsogelea mgeni, anasita, anageuka kumtazama mama, kisha anaendelea au anarudi mbio kumkumbatia mguu. Ainsworth alikuwa na subira ya kuliandika hilo, tena na tena. Kutokana nalo akasema kwamba mama ni mahali pa kuondokea na pa kurudi, na kwamba mtoto mwenye uhakika wa mahali hapo huthubutu kwenda mbali zaidi. Mwaka 1967 akachapisha kitabu, Infancy in Uganda.

Familia zile 26 hazikupatikana kwa kura. Zilikuwa zile zilizofikika na zilizokubali. Simlaumu, maana huwezi kumlazimisha mtu akupe sebule yake kwa miezi tisa. Lakini tazama kalenda. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alimwondoa Kabaka Mutesa II na kumpeleka uhamishoni Uingereza, na Kabaka hakurudi hadi Oktoba 1955. Kwa hiyo Mzungu huyu alikuwa akibisha hodi kwenye nyumba za watu ambao mfalme wao alikuwa amechukuliwa na Wazungu. Ningekuwa mimi ndiye mama wa nyumba ile, ningepima kila neno.

Na maneno yalikuwa na uzito. Ainsworth aliwagawa watoto: 16 wenye utulivu kwa mama zao, 7 wenye wasiwasi, na 5 ambao hawakuonyesha kumng'ang'ania mama. Alipotafuta sababu, kipimo kimojawapo kilikuwa namna mama alivyozungumza. Mama aliyesimulia habari za mwanawe kinaganaga, bila kuvutwa ulimi, alihesabiwa kuwa mwepesi wa kumwelewa mtoto wake, na watoto wa mama hao ndio hasa waliokuwa na utulivu. Huenda ni kweli, nami kwa jumla naliamini. Hata hivyo masimulizi yale yalipita kwenye kinywa cha mkalimani, na mama anaweza kunyamaza kwa sababu nyingi zisizomhusu mtoto.

Azimio la Helsinki juu ya ridhaa ya wanaofanyiwa utafiti wa tiba lilipitishwa mwaka 1964, miaka kumi baada ya Ainsworth kufika Kampala. Leo nabeba fomu ya ridhaa, naisoma kwa sauti, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba mbele ya shahidi. Nazipenda fomu zile na nazitetea. Zimewapa watu haki ya kusema hapana, na wapo walioniambia hapana nikaondoka.

Huko Korogwe, miaka kadhaa iliyopita, tuliuliza habari za malezi. Sampuli yetu ilikuwa safi: tunaanzia ofisi ya kijiji, kila nyumba ya tano. Balozi wa nyumba kumi alituongoza. Nyumba moja nilimkuta mama kijana anapepeta mchele. Nikasoma fomu, akaweka dole gumba. Balozi akavuta kigoda, akaketi. Mtoto akiumwa, nani anaamua aende hospitali? Sijui. Ukimwadhibu, unafanyaje? Sijui. Maswali 34, na karibu yote akajibu sijui, mikono haikuacha ungo.

Balozi akainuka kwenda kunionyesha nyumba iliyofuata. Nilipokuwa nafunga mkoba, mama akaweka ungo chini na kusema, "Dada, yule ni kaka yake mume wangu." Kisha akaanza kunieleza, kwa sauti ya chini, tangu usiku mtoto alipopata degedege na ufunguo wa sanduku la pesa ukiwa safarini na mumewe. Alijua kila kitu. Alikumbuka mpaka rangi ya shuka aliyomfungia mtoto.

Nilimwambia msimamizi wangu kwamba nataka kurudia mahojiano yale bila balozi. Akasema muda wa kijiji kile umekwisha, na gari lilikuwa tayari linaunguruma. Majibu yaliyotumwa yalikuwa yale ya kwanza.