Spektrometri ya Tungamo: Istilahi na Kazi Yake katika Ute wa Chura

Spektrometri ya tungamo ni mbinu ya kutambua dutu kwa kupima tungamo la molekuli zake baada ya kuzitia chaji ya umeme. Chombo kinachotumika huitwa spektrometa ya tungamo, na mchoro wa vilele kinaoutoa ni spektra ya tungamo. Neno la kwanza katika istilahi hii limetoholewa. La mwisho ni la Kiswahili, nalo ndilo linalobeba uzito wa maana.

Tungamo linatokana na kitenzi tungama, kama damu inavyotungama kwenye jeraha: ni kiasi cha maada kilichoshikamana kikawa kitu kimoja. Uzito ni jambo jingine, kwani ni nguvu ya dunia inayokivuta kitu, nayo hubadilika mahali kwa mahali ilhali tungamo hubaki lilelile. Ndani ya spektrometa hakuna sahani ya mizani wala kitu kinachoielemea. Molekuli zenye chaji, yaani ioni, husukumwa kwa umeme katika ombwe, zikatengana kwa kufuata uwiano wa tungamo kwa chaji. Kuiita mbinu hii "upimaji wa uzito wa molekuli" ni kueleza chombo kingine.

Mwambao wa Afrika Mashariki una mfano mzuri wa kazi ya mbinu hii: ute wa vyura. Kassina senegalensis ni chura mwenye michirizi myeusi mgongoni, hodari wa kukimbia kuliko kuruka. Huishi kwenye nyika na mbuga katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, pwani ya Tanzania ikiwamo. Jamaa yake, Phlyctimantis maculatus, ana madoa meusi mgongoni na wekundu kwenye kinena na mapaja. Huyu ni wa nyanda za chini za pwani, kuanzia Kenya kwenda kusini, na alielezwa kisayansi na Duméril mwaka 1853 kwa kielelezo cha Zanzibar. Ngozi za vyura hawa zina tezi zinazotoa ute wenye peptidi amilifu. Peptidi ni asidi amino zilizoungana kama shanga zilizotungwa uzini. Huitwa amilifu zinapozusha badiliko katika kiumbe hai: kukaza misuli, kushusha shinikizo la damu, au kuua bakteria.

Mwaka 1977 Vittorio Erspamer, mfamakolojia wa Italia, na wenzake walieleza peptidi ya Kassina senegalensis wakaiita kasinini. Ina asidi amino 12, na imo katika kundi la takikinini, ambazo hukaza haraka misuli laini ya utumbo. Mwaka 1981 ikafuata hilambatini, kutoka kwa Phlyctimantis maculatus, ambaye wakati huo aliitwa Hylambates maculatus. Nayo ina asidi amino 12. Uchunguzi wa enzi hiyo ulianza kwa kuchuna ngozi na kuziloweka katika methanoli, na ngozi nyingi zilihitajika ili kupata peptidi kidogo.

Siku hizi chura huchochewa kwa umeme hafifu, ute ukatoka, akasuuzwa kwa maji safi na kurudishwa alikotolewa akiwa hai. Jambo hili lina thamani kubwa mahali kama Amani, katika Usambara Mashariki, ambako baadhi ya spishi hazipatikani kwingine. Parhoplophryne usambarica, aliyeelezwa mwaka 1928, anajulikana kwa kielelezo kimoja tu. Chura wa namna hiyo hafai kuchunwa.

Maji ya kusuuzia hutiwa asidi kidogo ili vimeng'enya visizikate peptidi, kisha kromatografia huzitenganisha. Hatua inayofuata ni kuzigeuza ziwe ioni bila kuzivunja. Ugumu huo ulitatuliwa kwa njia mbili: John Fenn alitumia mnyunyizo wa umeme, Koichi Tanaka akatumia leza. Wote wawili walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2002.

Tungamo la kasinini ni daltoni 1333.67; daltoni ni kizio cha tungamo la molekuli. Ikibeba protoni moja, kilele chake huonekana kwenye 1334.68, ikibeba mbili, kwenye 667.84. Molekuli ni ileile, ila chaji imeongezeka, na hapo ndipo inapodhihirika kwamba spektra husoma uwiano, si tungamo peke yake.

Hata hivyo, kupima siyo kutambua. Peptidi mbili zenye shanga zilezile kwa mpangilio tofauti huwa na tungamo moja. Kwa hiyo ioni huchaguliwa na kugonganishwa na gesi ili ikatike kwenye viungo vya shanga, na vipande vikapimwa upya. Tofauti kati ya kipande na kinachokifuata ni tungamo la asidi amino moja. Katika kasinini, tofauti za 128.06, 147.07, 99.07 na 57.02 husomwa hivi: glutamini, fenilalanini, valini, glisini. Usahihi unahitajika, kwa kuwa lisini, iliyomo pia katika kasinini, ina 128.09, na chombo hafifu kitaichanganya na glutamini. Mwisho wa kasinini una amidi mahali pa asidi, na badiliko hilo hupunguza daltoni 0.98 tu.

Leusini na isoleusini zote zina 113.08, hivyo tungamo halizitenganishi. Hapo mtafiti hutumia mbinu ya Edman, inayong'oa asidi amino moja baada ya nyingine kutoka mwanzo wa mnyororo, au hutengeneza peptidi maabara na kuilinganisha na ile ya chura. Peptidi hiyo ya maabara ndiyo pia hujaribiwa kwenye kipande cha utumbo au kwa bakteria, kwa sababu spektra huonyesha muundo wa peptidi, haionyeshi kazi yake. Neno "amilifu" huthibitishwa na jaribio hilo.